Somo: Kuonja majira ya majani kupukutika penye joto

Kila Septemba ikikaribia naulizwa lile lile: huku joto halipungui, nifanyeje? Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Jua majira yako yanaanza lini. Kaskazini mwa ikweta ni Septemba 22 au 23, kusini ni Machi 20 au 21.

2. Achana na kiyoyozi. Kupoza chumba ili uvae sweta ni kuteketeza umeme bure.

3. Toka nje saa moja kabla ya jua kuzama. Ukiwa mbali kidogo na ikweta, siku zinafupika hata kama joto halijatikisika, na jua linapita chini zaidi angani. Kwangu mimi, mwanga huo ndio nusu ya majira yenyewe.

4. Tafuta mti unaobadili rangi. Penye joto, mkungu (ule mti wa kivuli wenye majani mapana, si mkungu wa ndizi) hauna mpinzani: kabla ya kupukutika, majani yake hugeuka njano, chungwa, hata damu ya mzee.

5. Kausha majani. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo soma polepole. Okota jani lililoanguka leo, bado laini. Lifute pande zote mbili, lilaze kati ya magazeti (karatasi zinazong'aa hazinyonyi maji), weka vitabu vizito juu. Halafu badilisha magazeti kila siku kwa siku nne tano za mwanzo. Nasema kila siku! Penye joto na unyevu kuvu haichelewi: vidoa vyeupe vinaanzia kwenye mshipa mnene wa katikati, kwa kuwa huo ndio unaotunza maji, na kutoka hapo vinatambaa hadi jani la jirani. Jani la mkungu ni nene, lipe muda zaidi. Kipimo ni kikonyo: ukikipinda kikalegea kama uzi uliolowa, rudisha chini ya vitabu; kikikatika kwa mlio, limekauka. Usianike juani, rangi itapauka. Usitie kwenye mikrowevu ukaondoka, linaweza kushika moto.

6. Boga la pambo la majira haya lichonge siku moja kabla ya shughuli yako, si wiki nzima. Ndani weka taa ya betri; mshumaa unalipika na kuharakisha kuoza. Boga zima ambalo halijakatwa hudumu zaidi, hivyo ukitaka likae, lipake rangi tu.

MASWALI

— Mkuu, nikianika juani si yatakauka haraka?
Hatua ya 5, karibu na mwisho.

— Mimi yamenitoka kuvu yote, hili somo lako halifai.
Magazeti ulibadilisha mara ngapi?

— Sikubadilisha.
Basi.

— Mimi niko karibu kabisa na ikweta, siku hazifupiki. Nifuate nini?
Ruka hatua ya 1 na ya 3, fuata kiangazi. Huko miti mingi hupukutisha kwa uhaba wa maji, si kwa baridi. Angalia mti wako, kalenda iache.

— Kwa nini mti wangu unaishia njano, wekundu hauji?
Swali zuri. Njano ilikuwamo ndani ya jani tangu zamani, imefunikwa na kijani cha klorofili. Klorofili ikivunjika, njano inajitokeza. Wekundu, kwa miti mingi, hutengenezwa mwishoni kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na hushamiri kukiwa na mchana wa jua na usiku wa ubaridi. Usiku wa joto huufifisha. Pia kuna miti ambayo haiujui wekundu kabisa. Chunguza matawi yanayopigwa na jua moja kwa moja, huko ndiko hukolea zaidi.

— Glisirini je?
Inafaa. Sehemu moja ya glisirini kwa mbili za maji, zamisha majani kwa siku kadhaa, kisha yafute. Yanabaki laini, ila rangi mara nyingi inaingia giza.

— Yaliyobaki nichome?
Hapana. Yakatekate uyatandaze chini ya mimea. Makubwa ukiyalaza mazima, maji ya mvua yanateleza juu bila kuzama.

— Nyongeza: majani makavu ya mkungu mimi huyatia kwenye tangi la samaki, maji yanakuwa rangi ya chai.
Kweli, ni tanini hiyo (kemikali ya asili iliyomo kwenye jani), na huyafanya maji kuwa na asidi kidogo. Wako samaki wanaoipenda hali hiyo na wako wasioipenda. Tumia yaliyokaukia mtini au chini yake, mbali na dawa za wadudu. Ya glisirini usiyatie.