Ukisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, kaa na daftari

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi kuna kitu kinaniuma. Saa mbili usiku taarifa ya habari ikisomwa nusu yetu tunameza kila neno, nusu wanazima redio wanasema hao wa serikali tu. Wote tunapoteza. Mi nina njia yangu, inataka daftari, kalamu na wiki moja ya uvumilivu.

Anza na habari unayoijua kwa macho yako. Korosho ndo nzuri kuliko zote, maana AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima, iko jirani na bei ya mnada kila mtu anaijua hata kabla ya redio. Habari za Dodoma ziache kwanza, huko huna cha kulinganishia.

Alafu andika nani kaongea, yani aliyesikika kwa sauti yake mwenyewe, kutajwa tu hakuhesabiki. Waziri, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mwishoni labda mkulima anapewa sekunde chache za kushukuru. Hapa ukae sana, kwa sababu uongo wa wazi redioni ni nadra, kinachofanyika ni kuchagua nani apewe maiki. Mnakumbuka msimu wa 2018? Wanunuzi walikuja na bei ndogo, Novemba Rais Magufuli akasema serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaja kubeba mzigo. Ile habari ilikuwa kweli kabisa. Ila baadae ukaja uhakiki, watu wakasubiri hela zao wee, wengine wakaitwa kangomba, yani walanguzi wa korosho, sasa jiulize ile habari ya kucheleweshewa malipo we uliisikia wapi kwanza, redioni au kwenye foleni ya benki?

Sikiliza na maneno. Mkubwa "anabainisha", "anafafanua", "anasisitiza", mwananchi "anadai". Ukisikia "imeelezwa kuwa" uliza imeelezwa na nani. Wakati wa maandamano ya kupinga bomba la gesi kwenda Dar, kuanzia Desemba 2012 mpaka Mei 2013, sisi tulikuwa tunasema gesi haitoki, na mtu huyohuyo mmoja ungeweza kumwita mwananchi, mwandamanaji au mfanya vurugu, na kila jina linakuja na hukumu yake kabla hata hujasikia anataka nini.

Kisha angalia nani anashika mfuko. Mkurugenzi Mkuu wa TBC, shirika la utangazaji la taifa, anateuliwa na Rais, na shirika linategemea bajeti ya serikali. Simaanishi watangazaji wake ni waongo, wapo waandishi wazuri sana pale na nawaheshimu, ila mhariri anayejua aliyemweka kazini ni nani atafikiria mara mbili kabla ya kurusha habari fulani. Januari 2016 serikali ilitangaza TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja, sababu gharama, na waziri aliyelitangaza alikuwa Nape Nnauye, mbunge wa Mtama hapahapa kwetu. Gharama zipo, sikatai, lakini Bunge likirekodiwa alafu likakatwa, anayekata ndo anaamua swali gani la mbunge wako ulisikie.

Na usikimbilie redio za nje ukadhani huko hakuna mwenye mfuko. DW inalipwa na serikali ya Ujerumani. Sauti ya Amerika inalipwa na serikali ya Marekani, na Machi 2025 utawala wa Trump ulivyoamua kuibana, wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani na matangazo yakakatika. Stesheni binafsi za kwetu nazo zinahitaji leseni ya TCRA, yani mamlaka ya mawasiliano ya serikali, na matangazo ya biashara, na taasisi za serikali ni mteja mkubwa. Klipu ya WhatsApp ya mpinzani ipitishe kwenye daftari hilohilo, maana nayo ina aliyenyimwa maiki.

Asubuhi nenda AMCOS, muulize karani malipo ya mnada uliopita yameingia lini, andika jibu pembeni ya ulichosikia jana. Fanya hivyo siku saba. Ukikuta wiki nzima imeongelea korosho na hakuna mkulima aliyeulizwa amelipwa lini, wapigie stesheni, taja siku, saa na habari yenyewe, usitukane, waulize tu kwa nini hawakumuuliza. Alafu mpe jirani yako namba na yeye apige.