Namna ya kuisoma Wieskirche, kanisa la hija la Bavaria

Wieskirche limesimama katikati ya malisho karibu na Steingaden, kusini mwa Ujerumani. Dominikus Zimmermann alilijenga kati ya 1745 na 1754, na kaka yake, Johann Baptist, akachora dari. Mtindo wake ni Rokoko, yaani hatua ya mwisho ya Baroko, sanaa ya Ulaya yenye mapambo mengi. Ukipita haraka utatoka na kumbukumbu ya dhahabu na malaika tu. Tenga saa nzima, beba darubini ndogo, na usiende wakati wa Misa, kwa sababu hapo si pa kuzungukazunguka.

Anza kwa kulizunguka kwa nje. Kuta hazina makuu, ila madirisha yamekatwa kwa maumbo ya ajabu, mengine makubwa, mengine kama matundu juu ya mengine. Yakariri, maana ukiwa ndani hutayaona yote, utaona kazi yake tu.

Ukishaingia, simama chini ya kinanda kilicho juu ya mlango, usikimbilie altare. Ukumbi ni wa duaradufu, na nguzo zimepangwa mbili mbili mbali kidogo na ukuta. Nafasi iliyobaki nyuma yake ndiyo siri ya jengo: mwanga hupiga ukuta mweupe kwanza, kisha unamwagika katikati bila kukuumiza macho. Ni njia ya mahujaji pia, wanaozunguka bila kuwasumbua wanaosali.

Sasa dari. Kosa la wengi ni kusimama katikati kabisa na kukunja shingo mpaka iume. Rudi nyuma hatua kadhaa, utazame kwa mshazari. Au washa kamera ya mbele ya simu, uilaze kiganjani na utazame chini. Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua. Upande wa altare kuna kiti cha enzi cha hukumu, nacho ni kitupu: Hakimu hajakikalia. Shika hilo, tutalirudia.

Kisha tafuta mahali plasta inapoishia na rangi inapoanza. Si rahisi, na ndivyo walivyotaka. Mapambo ya jasi yanapanda juu ya ukingo na kuingia kwenye picha, hata unashindwa kujua kipi kimechongwa na kipi kimechorwa. Fuata pambo moja tu kwa darubini, taratibu, mpaka kivuli chake kiache kuwa cha kweli. Wala usidhani juu ni mawe. Ni mbao na plasta zilizoshikwa na paa, ndiyo maana dari imeweza kuwa bapa kiasi hicho bila kuta nene. Udhaifu wake uko hapohapo: mbao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, plasta ikapasuka, na paa likivuja, jasi hulainika. Ukarabati mkubwa ulifanyika 1985 hadi 1991.

Patakatifu pana nguzo nyekundu na za buluu: nyekundu ni damu ya Kristo, buluu ni neema ya mbinguni. Zinameremeta kama marumaru, lakini si jiwe. Jasi hukandwa na gundi na rangi kama unga, hupakwa, kisha husuguliwa mpaka ing'ae. Usizipapase; mafuta ya mikono huua mng'ao.

Katikati ya altare ndipo penye sababu ya yote: sanamu ya Mwokozi aliyepigwa mijeledi, amefungwa minyororo. Iliunganishwa kwa vipande vya mbao na kufunikwa kitambaa kwa ajili ya maandamano ya Ijumaa Kuu, 1730, baadaye ikawekwa kando. Mkulima Maria Lory aliichukua nyumbani kwake, na inasimuliwa kwamba tarehe 14 Juni 1738 machozi yalionekana usoni pa sanamu. Mahujaji wakafurika. Ukiitazama vizuri utaona si sanamu ya kupendeza, na kwa maoni yetu ndiyo inayoifanya dhahabu yote ile isiwe mapambo matupu.

Kabla ya kutoka, geuka na utazame juu ya kinanda, mahali ambapo wengi hawapatazami kwa sababu walipita chini yake walipoingia. Pamechorwa mlango mkubwa uliofungwa, mlango wa umilele, na maneno ya Kilatini kutoka Ufunuo: hapatakuwa na wakati tena. Uoanishe na kile kiti kitupu cha upande wa pili. Mlango bado umefungwa, kiti bado hakijakaliwa, na muhujaji anatembea katikati ya viwili hivyo.