Namna ya kudai mshahara wa kima cha chini kwa mwanafunzi anayefanya kazi Marekani

Katika familia zetu zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Kentucky, Ohio, Texas na Maine, mtoto aliye sekondari ndiye mara nyingi anayekijua Kiingereza kuliko wote nyumbani, na ndiye anayepata kazi ya jioni mapema, ama ya kuosha vyombo mgahawani ama ya kupanga bidhaa dukani. Kwa kuwa tumemlea kushukuru kila anapopewa kitu, siku ya malipo hupokea kilichomo bila kuuliza. Adabu hiyo inafaa unapokaribishwa kwa watu, lakini kwa mwajiri anayedaiwa saa za kazi haina mahali pake, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuzihesabu saa hizo na kuzidai.

Anza kwa kujua kiwango kinachokuhusu. Sheria ya serikali kuu inaweka kima cha chini kuwa dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu Julai 2009. Jimbo likiweka kiwango cha juu zaidi, hicho cha juu ndicho kinacholipwa. Mwaka 2025, kwa mfano, Maine ililipa dola 14.65, na Ohio dola 10.70, ingawa Ohio huwaruhusu waajiri kuwalipa walio chini ya miaka 16 zile dola 7.25; Kentucky na Texas hufuata kiwango cha serikali kuu. Majimbo mengi hubadilisha viwango kila Januari, kwa hiyo vitazame upya kila mwaka kwenye tovuti ya idara ya kazi ya jimbo lako.

Kuna kipengele kimoja ambacho vijana wengi hukutana nacho bila kukielewa. Sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kumlipa aliye chini ya miaka 20 dola 4.25 kwa saa katika siku 90 za mwanzo, endapo sheria ya jimbo haidai zaidi. Siku hizo ni za kalenda, zinazofuatana tangu siku ya kwanza ya kazi, na Jumapili pamoja na siku ulizokuwa shuleni zimo ndani yake. Ukianza kazi tarehe 1 Septemba, siku ya 90 ni tarehe 29 Novemba, hata kama ulifanya zamu mbili tu kwa wiki, na kuanzia tarehe 30 Novemba unastahili kiwango kamili. Mwajiri akikuambia kwamba zinahesabiwa siku ulizofika kazini tu, amekosea. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani siku ile ile unayoanza.

Baada ya hapo, nunua daftari dogo na uandike kila zamu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na mapumziko uliyopewa. Tafadhali andika saa kwa namna ya Marekani. Niliwahi kuitwa kumsaidia kijana wa darasa la kumi aliyekuwa ameandika kwa uangalifu kabisa “11 hadi 4” kila Ijumaa, akimaanisha saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku kama tunavyosema nyumbani. Msimamizi wake aliisoma hesabu hiyo kuwa saa tano asubuhi hadi saa kumi alasiri, akaonyesha kwamba wakati huo kijana alikuwa darasani, na daftari zima likaonekana la uongo. Ilitubidi tukae na mama yake mezani, tukizipitia zamu moja baada ya nyingine na kuziandika upya kuwa 5 hadi 10, pamoja na maelezo ya tofauti hiyo.

Saa za mafunzo ya kazi hulipwa. Muda wa kudeki baada ya mlango kufungwa nao hulipwa, hata kama uliambiwa ujiandikishe kuwa umeshatoka. Mwisho wa wiki, chukua malipo yako kabla ya makato, uyagawanye kwa saa zako zote, uone kama yanafikia kiwango chako. Kwa kiwango cha dola 7.25, saa 16 ni dola 116. Makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, yaani asilimia 7.65, yatachukua takriban dola 8.87, na hayo ni halali. Lakini mwajiri akikata pia dola 30 za sare au za fedha zilizopungua kwenye kaunta, unabaki na chini ya dola 5.40 kwa saa hata kabla ya yale makato halali, na hilo sheria inalikataza.

Aliye na miaka 14 au 15 ana mipaka ya ziada: saa 3 siku ya shule, saa 18 wiki ya shule, na asiwe kazini baada ya saa moja usiku, isipokuwa majira ya joto, ambapo mwisho ni saa tatu usiku. Mwajiri akimpitisha mipaka hiyo, kosa ni la mwajiri, na saa zilizozidi bado zinalipwa. Kulea watoto wa jirani mara moja moja na kusambaza magazeti hakumo katika kima cha chini, na baadhi ya mashamba madogo nayo hayamo.

Malipo yakipungua, kwanza mwandikie msimamizi ujumbe mfupi wenye tarehe, saa na kiasi unachodai, na uhifadhi nakala. Asipolipa, mzazi au kijana mwenyewe apige simu ya Wizara ya Kazi inayoshughulikia mishahara, 1-866-487-9243, na aombe mkalimani wa Kiswahili; huduma hiyo ni ya bure, na jina la mlalamikaji huwekwa siri. Sheria hii inawalinda wote bila kujali hati zao za uhamiaji, na mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika. Muda wa kudai ni miaka 2, au 3 ikithibitika kwamba mwajiri alivunja sheria kwa makusudi, kwa hiyo hata aliyekwisha kuacha kazi hiyo bado anaweza kupeleka daftari lake.