Kasha la Kompyuta ya Mezani: Kulifunga, Kuliunganisha na Ardhi na Kulikinga na Vumbi

Kasha la kompyuta ya mezani, ambalo watu wengi hulitaja kwa jina la "CPU" ingawa CPU, yaani prosesa, ni kipande kidogo tu kilichomo ndani yake, lina kazi mbili zisizoonekana kwa macho. Kwanza hupitisha hewa: iingie mbele ikiwa baridi, itoke nyuma na juu ikiwa imebeba joto. Pili hupeleka ardhini umeme uliopotea njia, kabla haujapita kwenye mkono wako. Hapa Uganda kazi zote mbili zina adui wake: vumbi jekundu la barabara za maramu huziba hewa, na soketi zisizo na waya wa ardhi huliacha bati likiwa na umeme. Tunaanza na umeme, kwa sababu kasha lililofungwa vizuri kwenye soketi mbovu bado ni hatari.

Soketi kwanza

Umeme wetu ni volti 240, hezi 50, na plagi ni ya pini tatu za mraba. Ile pini ndefu ya juu ndiyo ya ardhi. Ukigusa skrubu ya nyuma ya kasha au ukingo wa bati usiopakwa rangi, ukasikia mwasho kama sisimizi wanatambaa kwenye vidole, mara nyingi ardhi haipo. Chanzo chake ni hiki: ndani ya paua saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kuna kapasita ndogo za kuchuja umeme, moja kutoka laini (waya unaoleta umeme) kwenda kwenye bati, nyingine kutoka nyutro (waya unaourudisha) kwenda kwenye bati hilohilo. Ardhi ikiwepo, mkondo huo mdogo huteremka zake. Isipokuwepo, bati lote hukaa katikati, karibu volti 120. Mkondo wenyewe kwa kawaida haufiki miliampia moja, kwa hiyo watu huuzoea. Wasiuzoee. Huweza kuunguza poti ya HDMI au USB pale unapochomeka skrini au printa, na siku paua saplai itakapopata hitilafu, bati hilo litabeba volti 240 kamili huku fyuzi ikibaki nzima, maana umeme hauna njia nyingine isipokuwa wewe.

Fundi mwenye kibali cha ERA, yaani mamlaka inayosimamia umeme nchini, atapima kwa mita kwa dakika tano. Kati ya laini na nyutro isome karibu 240. Kati ya laini na ardhi isome karibu vilevile. Kati ya nyutro na ardhi iwe volti chache tu. Ikiwa laini na ardhi zinasoma namba inayoyumba, kama 60 au 90, waya wa ardhi umekatika au haukufika kwenye nondo iliyofukiwa nje ya nyumba. Kipimo cha pili unaweza kukifanya mwenyewe, waya ukiwa umechomolewa ukutani: weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya ardhi ya plagi, nyingine kwenye skrubu isiyo na rangi nyuma ya kasha. Isome chini ya omu moja. Ikizidi, ama waya umekatika ndani, ama paua saplai imekalia rangi nene bila kugusa bati. Kwaruza rangi mahali skrubu zake zinapokaa, kisha kaza upya.

Waya wenye plagi ya pini mbili za duara, ambao huingizwa kwa kuchokonoa tundu la ardhi kwa kalamu, usitumike kwa kompyuta hata kwa siku moja. Waya wa pini tatu unapatikana kwa urahisi. Fyuzi ya ampia 5 ndani ya plagi inatosha kompyuta ya kawaida na skrini yake. Karatasi ya sigara iliyoviringishwa mahali pa fyuzi ni moto unaosubiri siku yake.

Kama kompyuta ni mtumba, geuza nyuma yake kabla ya kitu kingine chochote. Baadhi ya paua saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa iko kwenye 115 na ukaichomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio wa kupasuka na kuona moshi papo hapo. Isukume kwenye 230 kwa ncha ya bisibisi, waya ukiwa haujachomekwa.

Kufunga vipande ndani ya kasha

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili kumaliza umeme uliobaki. Wapo wanaoshauri waya ubaki umechomekwa na swichi ya ukuta ikiwa imezimwa, ili kasha liendelee kupata ardhi. Sisi tunasema chomoa. Katika baadhi ya nyumba laini na nyutro zimepishana ndani ya soketi, na swichi iliyozimwa haikuhakikishii chochote. Kwa umeme wa mwilini, gusa bati lisilo na rangi kwa mkono kabla ya kugusa kila kipande, na fanyia kazi juu ya meza ya mbao, si juu ya zulia wala kitambaa cha nailoni.

Linganisha madabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vingine, na kasha: ATX ina milimita 305 kwa 244, Micro-ATX 244 kwa 244, Mini-ITX 170 kwa 170. Kasha kubwa kwa kawaida hupokea madabodi ndogo, ila kubwa haiingii kwenye kasha dogo.

Sasa nguzo za shaba, vile vijiguu vinavyoinua madabodi isiguse bati, mahali ambapo makosa mengi huanzia. Laza kasha kwa ubavu. Weka madabodi ndani bila kuifunga, uone matundu yake yanaangukia wapi, itoe, kisha funga nguzo mahali hapo tu. ATX kwa kawaida huchukua nguzo 9. Hesabu nguzo, hesabu matundu, zilingane. Nguzo moja iliyosahauliwa mahali pasipo na tundu hugusa solda za mgongoni na kupiga shoti. Kompyuta huwaka sekunde moja, ikazima, ikarudia hivyo hivyo. Nguzo ikipungua nayo, madabodi hupinda unapobonyeza RAM (kadi ya kumbukumbu), na nyufa za solda haziponi.

Kabla ya kukaza, tazama lile bati dogo la nyuma lenye matundu ya poti. Vimeno vyake hupenda kujikunja na kuingia ndani ya poti ya kebo ya mtandao au ya USB. Angalia kwa tochi. Kingo za makasha ya bei nafuu hukata vidole kama wembe, hivyo pitisha mkono taratibu.

Skrubu zina nyuzi za aina mbili. Nyuzi nene, 6-32, ni za paua saplai, hadidiski ya inchi 3.5 na mara nyingi ubavu wa kasha. Nyuzi laini, M3, ni za SSD ya inchi 2.5 na kisomea sidi. Nguzo za shaba huwa za aina hii au ile kulingana na kasha. Jaribio halihitaji kipimo: skrubu sahihi huzunguka mara mbili tatu kwa vidole kabla ya bisibisi. Ikikataa, si yake. Kaza kwa mshazari, nusunusu, na uache pale kichwa kinapokaa.

Paua saplai iliyouzwa pamoja na kasha isomwe lebo, si namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Tafuta mstari wa volti 12 na uzidishe kwa ampia zake. Ikiandikwa ampia 16, una wati 192 za kweli kwa prosesa na kadi ya picha, hata kama boksi linasema 500. Ikikaa chini ya kasha na kuna chujio, feni yake itazame chini. Kasha likikaa sakafuni penye vumbi na huna chujio, igeuze itazame juu. Kebo za paua saplai zinazochomolewa pande zote mbili hazibadilishwi na za nyingine, hata zikiingia vizuri. Mpangilio wa pini hutofautiana, na hadidiski huungua mara unapowasha. Na kompyuta za ofisi za mtumba, hasa za Dell na HP, baadhi zina plagi za umeme zisizo za kawaida, kwa hiyo usinunue paua saplai nyingine kabla ya kuhesabu pini.

Viwaya vidogo vya mbele ya kasha hufuata mpangilio mmoja kwenye madabodi nyingi: pini 1 na 3 ni taa ya hadidiski, 2 na 4 taa ya umeme, 6 na 8 kitufe cha kuwashia, 5 na 7 cha kuanzisha upya. Vitufe havina upande. Taa zina chanya na hasi, ukizigeuza haziwaki ila haziharibiki. Plagi ya USB 3 ya mbele, yenye pini 19, ishushe wima kabisa, maana pini ikilala haisimami tena vizuri.

Njia ya hewa

Feni ina upande wenye vyuma au plastiki vinavyoshikilia mota. Hewa hutokea upande huo. Mpangilio unaofaa mazingira yetu ni feni mbili za milimita 120 zikivuta mbele kupitia chujio, na moja ikitoa nyuma. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, kasha hujaa shinikizo kidogo, na vumbi halivutwi kwenye kila upenyo. Ukizipanga kinyume, kila ufa unakuwa mlango wa vumbi.

Kasha lisilo na chujio unaweza kulitengenezea kwa soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa juu ya fremu. Chandarua hakifai, matundu yake ni makubwa mno kwa vumbi la maramu. Baada ya kuweka, pima joto la prosesa: likizidi nyuzi 85 ikifanya kazi nzito, kitambaa kinazuia mno.

Nafasi wazi nyuma, zile zilizoachwa na kadi zilizotolewa, zifungwe. Hapo ndipo mende na panya wanapopita, na mkojo wa panya hula njia za shaba za madabodi. Bati la kadi iliyokufa linatosha. Ukikosa, kata plastiki ngumu ya faili. Wanaokaa karibu na ziwa, Entebbe au Jinja, wanajua wale wadudu wanaokuja kwa makundi usiku kufuata taa. Usiku huo punguza taa karibu na kompyuta, na kesho yake angalia chujio.

Kasha likae juu angalau sentimita 30 kutoka sakafuni, na nyuma yake kuwe na sentimita 10 hadi 15 kabla ya ukuta. Kitambaa cha kufuma juu ya kasha ni urembo mzuri kompyuta ikiwa imezimwa na imepoa, ila usiiwashe ikiwa imefunikwa. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, ndiyo mbaya zaidi, inashika joto na unyevu pamoja.

Kusafisha

Chujio lioshwe kila wiki mbili wakati wa kiangazi, kila mwezi wakati wa mvua, na likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Ndani ya kasha, kila miezi mitatu kama uko kando ya barabara ya vumbi, kila sita kama uko ghorofani mjini.

Toa kasha nje. Shikilia kila feni kwa kidole kabla ya kupuliza, maana ikizungushwa kwa kasi beringi huchakaa. Tumia blowa ya umeme ya mkono au brashi laini ya rangi, mpya na kavu. Usiende kwa fundi wa magurudumu: tangi lake la upepo huwa na maji na mafuta chini, na ukifungua bomba huja vyote. Mashine ya kufyonza vumbi nayo iache, mrija wake wa plastiki huzalisha umeme tuli. Paua saplai ipulizwe kupitia matundu yake tu. Usiifungue kamwe, kapasita kubwa ndani yake huhifadhi zaidi ya volti 300, na hubaki nazo baada ya kuchomoa.

Ukitoa kipoza joto cha prosesa, pesti, ule uji mzito unaopitisha joto kati yao, lazima ibadilishwe. Washa kompyuta dakika kumi kwanza ili pesti ilainike, izime, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Kwenye prosesa za AMD za soketi ya AM4, kukivuta moja kwa moja hung'oa prosesa pamoja nacho na kupinda pini. Futa kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda huweza kuwa na mafuta ya mbarika, nayo huacha utando. Pesti mpya, tone moja la ukubwa wa njegere katikati.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka kila umeme unapokatika, na tovuti zikakataa kufunguka kwa madai ya cheti cha usalama, badilisha betri ya CR2032. Ni volti 3, maandishi yatazame juu.

Radi, UPS na safari

Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, radi ikianza kunguruma chomoa plagi, na chomoa pia kebo ya mtandao, maana mipigo ya radi huweza kuingia kwa njia hiyo pia. UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ikiwa ya VA 650 hubeba kompyuta ya ofisi na skrini yake dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kuendelea kuandika. Printa ya leza isiwekwe kwenye UPS. Betri ya UPS ya volti 12 huchoka baada ya miaka miwili hadi minne. Ikivimba itoe siku hiyohiyo.

Kwa boda boda au basi, toa kadi nzito ya picha na uibebe peke yake. Laza kasha kwa ubavu wa upande wa madabodi, ili kipoza joto kisimame wima badala ya kuning'inia, na lizungushie nguo au sponji ndani ya boksi. Ukifika, kama lilinyeshewa au limetoka kwenye baridi, liache limefunguliwa saa kadhaa chumbani, kisha bonyeza RAM na kebo zote mara moja tena kabla ya kuchomeka.