Mtaala wa sayansi kwa anayesomea nyumbani

Mzazi wa Kisumu anayemfundisha nyumbani mtoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9 na atambue kwanza mtihani atakaoufanya mwanawe, kwa kuwa tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, hufuata miongozo ya KICD (taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya), ilhali Cambridge, mtaala wa kimataifa kutoka Uingereza, ina mitihani yake. Kisha, kabla ya kununua vitabu, apitie majaribio yote ya kisayansi yaliyomo. Mtaala unaodai maabara kamili utamwachia mtoto nadharia tupu. Ule unaomwezesha kuchuja maji ya Ziwa Victoria kwa mchanga na changarawe (maji hayo yasinywewe) utamzoesha kupima, kuandika matokeo na kuyahoji, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko picha za kupendeza.