Gari la Turbo Lililobadilishwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulityuni au Kulirudisha Katika Hali ya Kiwandani

Mtu anaponunua Subaru Impreza au Forester ya turbo ambayo imekwisha kupita mikononi mwa wapenda mbio wawili au watatu, hujikuta na uamuzi mmoja mkubwa: alityuni upya, yaani programu ya kompyuta ya injini irekebishwe kulingana na vifaa vilivyomo, au alirudishe kama lilivyotoka kiwandani. Njia zote mbili zinafaa. Kinachoua injini ni kuliacha gari katikati, kompyuta ikiamini jambo moja huku vifaa vikifanya jingine. Zingatia haya kabla hujampa fundi hata shilingi moja.

Pima afya ya injini kwanza. Dai kipimo cha kompresheni, yaani presha ya mgandamizo, ya silinda zote nne, injini ikiwa imepata moto, na uziandike namba hizo wewe mwenyewe. Ukiwa Nairobi, usishtuke zikiwa chini ya zile za kitabu, kwa sababu jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Linganisha silinda kwa silinda. Ikiwa moja imepungukiwa na zenzake kwa zaidi ya asilimia 15, shughulikia injini, maana hakuna programu ya kompyuta inayotibu ringi za pistoni zilizokwisha.

Oili mpya, plagi mpya, beliti ya taimingi yenye tarehe inayojulikana, rejeta isiyovuja. Haya hayahitaji mjadala.

Kisha andika orodha ya kila kifaa kilichobadilishwa, kuanzia chujio la hewa hadi mwisho wa ekzosti: nozeli zinazonyunyiza mafuta na ukubwa wake, pampu ya mafuta, namba iliyo kwenye turbo, intakula inayopoza hewa ya turbo, valvu ya kupumulia turbo, katalisti (kisafisha moshi cha ekzosti) kama ipo au ilikatwa. Maneno ya mmiliki wa awali yasikilize, lakini usiyafanye ushahidi; fungua uone. Kama injini ilifunguliwa na kuwekwa pistoni zenye uwiano tofauti wa mgandamizo, basi kurudi kiwandani kumekwisha kufungwa, isipokuwa uwe tayari kuifungua tena. Kabla mtu hajagusa kompyuta, anakili programu iliyomo na akukabidhi nakala hiyo.

Orodha hiyo naisisitiza kwa sababu ya Forester ya binamu yangu. Alilinunua gari likiwa na mlio mkubwa na ulaji mkubwa wa mafuta, naye, akiwa mtu wa familia, akaamua kwa busara kabisa kulirudisha katika hali ya kiwandani. Fundi akamwekea mafla ya awali, akatoa valvu iliyokuwa ikipumulia nje, akamwita kijana mwenye kompyuta ya mkononi, na programu ya kiwandani ikaingizwa siku hiyohiyo. Gari likatulia, likawa kimya, na kila mtu akaridhika. Hakuna aliyeangalia bomba la kuvuta hewa lililo baada ya chujio, ambako sensa ya kupima hewa ilikuwa imehamishiwa ndani ya bomba pana kuliko lile la awali.

Elewa kilichokuwa kikitendeka humo. Sensa hiyo haioni hewa yote. Inahisi kasi ya ile inayopita mbele yake, na kompyuta inakadiria kiasi chote kwa kuamini kwamba bomba ni la ukubwa unaojulikana. Tuseme bomba la milimita 65 limebadilishwa na la milimita 75: eneo la ndani limeongezeka kwa takriban theluthi moja, hewa ileile inapita polepole zaidi, na kompyuta inaihesabu pungufu kwa takriban robo. Mafuta yanayonyunyizwa nayo yanapungua hivyohivyo. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosti hugundua upungufu huo na kompyuta hujaribu kuusahihisha, ndiyo maana gari linaonekana zima. Ukikanyaga hadi mwisho, turbo likiwa limejaa, kompyuta haiisikilizi tena sensa hiyo kwa marekebisho ya papo kwa papo. Hapo injini ya petroli inayohitaji uwiano wa hewa na mafuta wa kati ya 11 na 12 kwa 1 inabaki na mafuta machache mno, joto linapanda, na mchanganyiko unajilipukia wenyewe.

Onyo lilikuwepo. Taa ya injini iliwaka, mashine ya kupima hitilafu ikasoma kodi P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa, na kompyuta imefika mwisho wa uwezo wake wa kusahihisha. Fundi akasema sensa ya oksijeni imechafuka, akaifuta taa. Baadaye binamu yangu akiwa anapanda Mai Mahiu kuelekea Limuru, akakanyaga ili alipite lori, akasikia sauti kama ya kokoto ndani ya kopo, kisha nguvu zikaisha na moshi wa bluu ukafuata nyuma. Nilikuwepo injini ilipofunguliwa. Ukingo wa pistoni ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande cha upana wa ukucha, na kwenye ncha ya plagi ya silinda hiyo kulikuwa na chembe ndogo za aluminiamu zilizoyeyuka na kuganda. Bomba lililosababisha yote bado lilikuwa linang'aa mahali pake.

Kwa hiyo taa ikiwaka baada ya kazi yoyote, kataa kufutiwa. Dai uelezwe sababu.

Ukichagua kurudi kiwandani, rudisha vyote. Nozeli kubwa chini ya programu ya kiwandani hunyunyiza kupita kiasi, na petroli huosha oili kwenye kuta za silinda. Bomba pana la ekzosti lisilo na katalisti huweza kuiruhusu turbo ipandishe presha kuliko inavyotarajiwa, na kompyuta ikaikatia injini mafuta ghafla ukiwa unapita gari jingine. Vifaa vya awali vilivyotumika hupatikana Kirinyaga Road, ila nenda na namba za kifaa, maana vinavyofanana kwa macho mara nyingi hutofautiana kwa kazi. Programu nayo ilingane na modeli, mwaka na aina ya gia ya gari lako hasa.

Ukichagua kutyuni, weka vifaa vyote kwanza, kisha utyuni mara moja. Kila kifaa kinachoongezwa baadaye kinaidai kazi hiyo upya. Mtyunaji apime uwiano wa hewa na mafuta kwa sensa ya oksijeni ya wigo mpana, akurekodie data ya injini kugonga, yaani ule mlipuko wa wenyewe, na akuonyeshe. Akikwambia anatyuni kwa kusikiliza tu, mshukuru uondoke. Tyuni kwa petroli utakayotumia kila siku: injini nyingi za turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo kwa kawaida huwa ya okteni 100 (kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili kugonga), na ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo.

Usisahau mwinuko. Presha ya hewa Nairobi ni takriban psi 12 (psi ni kipimo cha presha), na Mombasa ni 14.7. Kidhibiti cha turbo cha kukaza kwa mkono kikiwekwa psi 16 Nairobi, injini inapokea jumla ya 28. Ukishuka nacho pwani inapokea karibu 31, tena kwenye joto. Anayesafiri kati ya miji hiyo atyuniwe akiwa na nafasi ya usalama, au aachane na kidhibiti hicho.

Maoni yangu ni kwamba mwenye gari moja tu alirudishe kiwandani, na kutyuni awaachie wenye gari la pili na akiba ya injini nyingine. Hata hivyo kagua breki na matairi kabla ya kuongeza nguvu yoyote. Iarifu bima kuhusu mabadiliko kwa maandishi. Injini ikibadilishwa, hakikisha namba yake inalingana na ile ya logibuku. Vifaa vya awali ulivyovitoa usiviuze, vifungashe na kuviandika majina. Usikubali kuharakishwa na fundi anayetaka nafasi kwenye gereji yake, na siku za kwanza baada ya kazi usitoke mbali na mji, usimwazime mtu gari, na angalia kijiti cha oili kila asubuhi.