Paka dume anachuchumaa mkojo hautoki, fanya hivi

Juzijuzi saa tano usiku jirani yangu hapa Uyole kanigongea, kambeba nyau wake kwenye kapu la sokoni, kamfunika kitenge. "Mwanangu, huyu kafunga choo, nipe mafuta ya kula nimnyweshe." Nikamwambia mama, mafuta weka kando kwanza, mi kosa hilo nilishalifanya.

Hatua ya 1: jua kama ni choo au mkojo
Hapa ndo nilipoteza siku nzima na paka wangu. Anaingia kwenye beseni la maranda, anachuchumaa, anasukuma, analia ile sauti nzito, anatoka, dakika tano karudi. Nikajua choo kimegoma, nikamnywesha alizeti asubuhi, mchana nikarudia, jioni kaanza kutapika ndo nikashtuka. Kwahiyo we mwaga maranda yote, weka beseni tupu kavu, jifungie naye chumbani umwangalie. Akisukuma afu beseni likabaki kavu, au likapata matone mawili matatu yenye damu, shida ni mkojo. Matone yasikudanganye eti anakojoa, njia ikibana inadondosha hivyohivyo. Utaona pia anajilamba huko chini bila kupumzika. Halafu pitisha vidole tumboni, mbele kidogo ya miguu ya nyuma, taratibu kabisa: kibofu kilichojaa ni donge gumu kama ndimu. USIKIMINYE, kinaweza kupasuka. Na usipolipata donge usijipe moyo, paka mnene halishikiki kirahisi, na kibofu kikishapasuka napo donge hamna. Mi naamini beseni kuliko vidole.

Hatua ya 2: usimpe dawa yako
Parasetamo inaua paka, hata kidonge kimoja. Diklofenaki nayo acha.

Hatua ya 3: mpeleke usiku huohuo
Dume njia yake ni nyembamba sana, vichembe kama mchanga vikichanganyika na ute vinaziba, kama inavyowapata mbuzi waliohasiwa. Figo zinashindwa kazi, potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unasimama. Ni siku moja mpaka mbili tu, habari za tusubiri Jumatatu hamna.

Ila piga simu kwanza, madaktari wa mifugo wengi huku kwetu wanashinda na ng'ombe wa maziwa na kuku, kazi anaijua lakini mpira wa mkojo wa kumwingia paka hana. Uliza saizi 3.5, ule wa binadamu ni mnene mno kwa paka. Kama hana, akuelekeze kwa mwenzake. Watamlaza usingizi, wasukume kizuizi kwa maji ya dripu, mpira unaweza kubaki siku moja hadi tatu. Anayetaka kumkamua tumbo akiwa macho, chukua paka wako uondoke.

Hatua ya 4: nyumbani
Wiki za kwanza angalia mkojo kila siku, huwa inarudi. Chakula kikavu cha pakiti mi sikitaki kabisa, dagaa roweka au chemsha bila chumvi umpe na supu yake. Baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya nyau anajikunyata jikoni, maji hayagusi, kwahiyo msogezee ya uvuguvugu hapohapo alipolala.

Wa jirani karudi siku ya nne, akakojolea kitenge kilekile, dimbwi zima, na mama hakugomba.